Mkono wa Clive Ackroyd

Clive Ackroyd alikuwa muuza samaki. Ukimuuliza yeye ni nani angekujibu hivyo hivyo, muuza samaki, meza ya tatu kutoka mlangoni katika soko kuu la Leeds, na asingeongeza neno. Sisi wa mtaa wa Bramley tuliokuwa tukinunua kwake kila Ijumaa tulijua alikuwa na habari nyingine, lakini hatukuitaja mbele yake. Mtu akijisahau akamwambia, "Clive, si wewe ulikuwa Bunge la Bati?" basi alikuwa analibwaga jisamaki kwenye mzani mpaka barafu inamrukia yule mteja usoni, kisha anauliza kwa upole, "Nikukatie kichwa au nikuachie?"

Bunge la Bati lilikuwa bendi. Watu wanne, enzi zile ambapo muziki wa panki ulikuwa umeanza kuchakaa na kila mwenye gitaa mjini anatafuta njia yake. Gitaa la Sukhdev lilikwaruza kama kisu kwenye sinia. Bernie, mwanamke pekee kati yao, alipiga ngoma kama askari aliyenyimwa likizo. Howard Thwaite hakuwa anaimba, alikuwa anasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatwa maji. Kilichoubeba wimbo, kile ambacho ungejikuta unakinong'ona ukiosha vyombo, kilikuwa gitaa la besi, nalo lilikuwa mikononi mwa Clive. Katika muziki ule besi ndiyo inayotangulia. Mwondoe Clive, hubaki na kitu ila fujo.

Tena walikuwa watu wa siasa, siasa za miaka ile, ambapo hata kununua maziwa ya chai kunaitishiwa kikao. Hawakuwa na kiongozi. Jambo halikupita mpaka mikono yote minne iwe juu, na mkono mmoja ukibaki chini, basi, limekufa. Albamu yao ya kwanza waliiita Ajenda. Ya pili wakaiita Yatokanayo. Ndiyo ulikuwa utani wao, usinilaumu mimi.

Sheria ya pili aliileta Clive mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na mbili na ujeuri wa umri huo. Hatujisikilizi. Tunapiga wimbo mara moja, tunatoka, tunakwenda baa, tunapiga kura kwa jinsi tulivyouhisi mwilini. Yaliyobaki ni ya fundi wa studio. Bendi zinazokaa kujisikiliza, alisema, zinaishia kujichana nywele mbele ya kioo mchana kutwa. Mikono minne ikapanda, sheria ikapita, na Clive akarudi nyumbani akijiona bingwa.

Kisha ikaja safari ya Amerika. Miji mingi, miezi mingi, jina lao ukutani. Mwezi huo huo baba yake Clive akapigwa na kiharusi akiwa kwenye meza yake ya samaki, na Glenys, mke wa Clive, alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikaa baa ya Kondoo Dume, Howard akauliza nani anakubali, mikono mitatu ikapanda. Wa Clive ulibaki mezani, karibu na glasi. Hakuna aliyemgombeza. Wangemgombeza angalau, mtu angejua pa kuanzia kujitetea! Walimaliza bia zao, wakaagana, na Bunge la Bati likawa limekwisha.

Ndiyo hivyo miaka thelathini na mitano ikapita kwenye barafu. Nawaambia nyinyi mnaofikiri samaki ni kazi ya kisu: ni kazi ya barafu. Mikono inaingia alfajiri, inatoka alasiri. Vidole vya Clive vilianza kuuma, vikaja vikavimba vifundoni, na kimoja kikalala upande, kikakataa kuamka. Baridi yabisi, daktari akasema. Pete yake ya ndoa ilimbana mpaka kidole kikawa cheusi, hospitali wakaikata. Alirudi nayo nyumbani vipande viwili, Glenys akaviweka kwenye kisahani dirishani pa jikoni, na hapo vikakaa.

Howard alitokea sokoni siku moja ya Novemba, amevaa koti la maana la mtu aliyestaafu ualimu wa chuo.

"Umepukutika nywele," Clive akamwambia bila kuinua kichwa.

"Na wewe unanuka samaki."

"Mimi nalipwa ninuke. Unataka nini?"

"Albamu. Zile nyimbo za mwaka wa mwisho, ambazo hatukuwahi kuzirekodi. Tunaiita Mengineyo."

Clive akaweka kisu chini. "Acha utani, mzee mwenzangu."

"Bernie kakubali. Sukh kakubali. Umebaki mkono wako tu."

Clive akavua glavu, akaunyoosha ule mkono juu ya barafu. "Huu hapa. Utazame vizuri kabla hujauomba."

Howard akautazama. "Utafaa," akasema.

Jioni hiyo Clive hakugusa chakula. Glenys, mzaliwa wa Wales aliyepika shule ya msingi maisha yake yote, alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliiogopa: hasemi uongo, hata wa adabu. Yatokanayo ilipotoka, bendi nzima ikiwa imejaa sebuleni kwake, alisema ni kelele za sufuria, akawamiminia chai.

"Daktari anasema mwakani vitakuwa vimefunga kabisa," Clive akamwambia. "Nataka visikike kabla havijafunga. Si vile vya zamani. Hivi hivi, vilivyo. Mara moja tu, Glen."

"Utaaibika."

"Najua."

"Basi nenda," Glenys akasema. "Lakini kula kwanza, usiniharibie pai yangu."

Alijifua majira yote ya baridi jikoni, mikono kwenye beseni la maji ya moto, kisha gitaa, kisha beseni tena. Vidole viwili tu ndivyo vilivyomtii. Akajifunza upya kwa hivyo viwili, polepole, akiacha nafasi pale ambapo zamani angejaza. Mdundo mwingine ulimkimbia. Mwingine aliufikia umeshapoa. Lakini ilikuwepo namna fulani ndani yake, ya mtu mzima anayepanda ngazi na mzigo, na Clive, ambaye hajawahi kujisifu toka siku ile ya sheria, aliipenda.

Studio ilikuwa ghorofani kwenye kiwanda cha sufu kilichofungwa zamani. Prodyuza aliitwa Rowan, ametoka London, amerithi mapenzi ya bendi hii kwa baba yake, na aliwatazama kama mtu aliyeletewa watakatifu kwa teksi. Walipiga kila wimbo mara moja, kama sheria ilivyotaka. Kwenye wimbo wa tatu maumivu yalimkamata Clive katikati, akanyamaza kabisa, wenzake wakaendelea peke yao, kisha akaingia tena mwishoni kwa noti mbili nzito. Hakuna aliyemwambia arudie. Alishuka zile ngazi machozi yanamtoka wazi wazi, wala hakuona haya. Aliona ameshasema alichotaka kusema.

Wiki chache baadaye wakakutana Kondoo Dume, meza ile ile, kila mtu na pai yake na rojo la njegere.

"Wanaokubali Mengineyo itoke," Howard akasema.

Mkono wa Clive ulitangulia. Uende wapi? Ndio mkono ulioiua bendi mara ya kwanza. Wenzake watatu nao wakainua, macho kwenye sahani, na Clive akadhani wanazuia machozi, akawapenda sana.

Albamu ilitoka mwezi wa Aprili, na jamani, ilipokelewa! Magazeti yaliyosahau kwamba Leeds ipo yakaikumbuka. Moja liliandika kwamba watu wote wamezeeka ila besi ya Ackroyd, ambayo haijaongeza hata siku. Clive alikata kile kipande akakibandika nyuma ya mzani. Hata wateja wakaruhusiwa kulitaja Bunge la Bati. Mama mmoja alimuuliza siri yake ni nini, akajibu, "Barafu, mama. Inahifadhi kila kitu," soko zima likacheka. Albamu yenyewe hakuisikiliza. Sheria ni sheria.

Aliyeinunua ni Glenys. Aliileta nyumbani santuri kabisa, akaipandisha kwenye mashine, akarudi kumenya viazi.

"Zima hiyo," Clive akasema mlangoni. "Hatujisikilizi."

"Mimi siko kwenye Bunge lenu."

Besi ikaingia. Safi, nyepesi, inaruka kutoka waya hadi waya bila kugusa chini. Clive akasimama na kopo la chai mkononi, na tabasamu likamjia taratibu. Kwa dakika nzima, Mungu amrehemu, aliamini. Alijiambia labda ndivyo inavyosikika kwa nje, labda maumivu yalimdanganya, labda alikuwa bado anayo yote na hakujua.

Glenys akaacha kumenya. "Clive."

"Nini?"

"Hiyo tik."

"Tik gani?"

"Hiyo. Hapo. Na hapo tena." Akanyoosha kisu cha viazi kuelekea mashine. "Iliyokuwa inanitia wazimu kama bomba linalovuja. Ulikuwa unajifunzia chumbani, nakwambia vua pete inagonga gitaa, unakataa."

Ikagonga tena, ndogo, ya chuma, kila mkono wa kushoto ulipoteremka. Wote wawili wakageuka kukitazama kile kisahani dirishani. Clive akaweka chai chini.

Hakupanda hata basi. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa Howard, mtaa wa Headingley, akamkuta bustanini amepiga magoti kwenye vitunguu.

"Umenitoa kwenye albamu yangu."

Howard hakujitia hajui. Kwa hilo namsifu. "Hakuna aliyekutoa," akasema. "Sukh alikuwa na kanda za mazoezi darini, za mwaka ule. Rowan akaichomoa besi yako kwa kompyuta akaipachika. Kila noti ni yako, Clive. Ni wewe."

"Yule kijana hayupo tena, Howard."

"Ndiye watu wanayemtaka!" Akajishika mdomo. "Samahani. Samahani, ndugu yangu."

"Mlijua kabla ya kura?"

"Tulijua."

"Mlijuaje? Mlijisikiliza?"

"Tulijisikiliza, ndiyo, sisi watatu. Rowan alituita. Tukakaa tukasikiliza ulivyopiga, na Bernie alilia, bwana we. Hukuwa unaushika hata mdundo. Tungeitoaje? Watu wangecheka."

"Wangenicheka mimi. Nilikuwa tayari. Wewe ilikuhusu nini?"

Howard akainuka, magoti yakilia. "Niliuliza nani anakubali, na mkono wako ndio ulitangulia. Hukutaka kusikiliza kwa sababu ya sheria yako, si yangu. Sasa unataka kuushusha? Tena?"

Lile neno, tena. Miaka thelathini na mitano Clive alikuwa analisubiri mtu alitamke, na lilipotamkwa halikumpunguzia chochote. Alisimama pale kati ya vitunguu vya watu, mikono imening'inia, akaona hana la kudai. Angesema albamu iondolewe madukani, angekuwa ameiua bendi mara mbili. Angenyamaza, angekuwa hakuwahi kuwemo. Alichagua kuomba kitu kimoja kidogo.

"Lile onyesho tunalopanga hapa Leeds," akasema. "Nipige mwenyewe. Kanda isiguswe. Nikiharibu, niacheni niharibu."

"Lazima tupige kura," Howard akasema.

"Ndiyo. Tupige kura."

Wakakutana tena Kondoo Dume. Bernie alimshika Clive bega akamwomba msamaha, Sukhdev naye akasema kanda zile angezichoma moto zamani, na Howard alipouliza, mikono minne ilipanda, wa Howard mwenyewe ukiwa umenyooka kabisa kama wa mtu anayeapa mahakamani. Clive aliwanunulia raundi. Alirudi nyumbani akamwambia Glenys kwamba Bunge bado ni Bunge.

Onyesho lilipangwa Jumapili saa nane mchana, maana mashabiki wa Bunge la Bati siku hizi wana magoti mabovu na wanataka kuwahi chai ya jioni. Ukumbi ulijaa vipara na mvi na makoti meusi yasiyofunga tena tumboni. Glenys alipata kiti katikati, mkoba mapajani. Nyuma ya jukwaa Bernie alikuwa amevaa visikizio vikubwa masikioni.

"Ni nini hivyo?" Clive akamuuliza.

"Sikio langu, mpenzi. Limekuwa bovu. Daktari kanikataza kelele," Bernie akasema, akawa anaivuta vuta waya yake bila kumtazama. Clive akamhurumia. Wote wameisha kidogo kidogo, akawaza, hata Bernie.

Wakaanza. Spika ndogo iliyokuwa miguuni pake, iliyomwelekea yeye tu, ilimrudishia sauti yake, na Clive akajisikia kwa mara ya kwanza maishani bila kutoroka. Alichelewa. Aliteleza. Noti zingine zilitoka zimepinda kama misumari iliyokwishatumika. Hakujali, zilikuwa zake, za mikono iliyosimama kwenye barafu ili watoto wapate kula na baba azikwe kwa heshima. Walipofika wimbo wa tatu maumivu yakamshika pale pale yalipomshika studio, naye akafanya vile vile, akaondoa mikono akanyamaza. Mle mle kwenye kimya chake ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makelele, walipunga mikono, mmoja akaliita jina lake, Ackroyd! Ackroyd! Clive akafikiri, wameelewa. Kimya changu wamekielewa. Akaingia na zile noti mbili za mwisho, jasho na machozi vimechanganyika, na nikuambie ukweli, sijawahi kumwona binadamu mwenye furaha kama ile.

Walipomaliza, jitu moja lenye kipara lilipita walinzi likamkamata mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mkono ule ule!" lilisema, linalia. "Miaka yote hii, haujabadilika hata kidogo! Ule ule!"

"Asante sana, bwana," Clive akasema. Alidhani ni adabu tu. Howard alikuwa ameshaondoka. Bernie na Sukhdev walikuwa wanafungasha vitu vyao kwa haraka, wamegeukia ukutani.

Glenys alikuwa anamngoja kwenye ujia wa pembeni na koti lake. Clive aliingiza mikono, akasimama mbele yake kama kila asubuhi, na Glenys akaanza kumfunga vifungo kuanzia chini.

"Ule wa tatu," Clive akasema, pumzi bado haijatulia. "Pale nilipoacha. Umewasikia watu?"

"Niliwasikia."

"Nilikuwa naogopa, Glen. Nimeharibu sana, najua, usiniambie. Lakini wameipokea. Hivi hivi ilivyo."

Glenys akafunga kifungo kingine. Hakuinua macho.

"Glen," akasema Clive. "Mimi umenisikia?"

Mikono ya Glenys ikasimama kwenye koti. Majirani zake wote tunajua angetoa nini siku ile aweze kusema uongo mmoja tu, na hakujua namna ya kuusema.

"Nilisikia pete, Clive."

Akamfunga kifungo cha juu, maana mwenyewe hakuweza, wakatoka kwenda kungoja basi.